Kabla Hatujavuka Mto: Maneno Juu ya Mnara wa Threave

Hotuba iliyotolewa Glasgow mbele ya jamii ya Waswahili, usiku wa kuamkia safari ya Galloway

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, kina mama, vijana, na hawa watoto ambao naona wameshaanza kusinzia kabla sijafungua mdomo. Salamu tumepeana mlangoni, sitazirefusha.

Kesho tunakwenda Threave, ngome ya kale iliyo kisiwani katikati ya mto, huko Galloway, kusini-magharibi mwa Uskoti. Tangu tangazo litoke wapo walionishika mkono pembeni kuniuliza: mbona tusiende Edinburgh? Kule kuna ngome kubwa, kuna maduka, kuna treni ya moja kwa moja. Galloway hata treni ya kufika Castle Douglas, mji ulio jirani na Threave, haipo, njia ile ilifungwa mwaka 1965. Swali ni la haki na nitalijibu. Ngome ya Edinburgh ni ya wafalme, na wafalme hawaishi kujenga. Huyu anabomoa, yule anaongeza, jeshi nalo linakuja kuweka mabweni yake, mpaka ukisimama ndani hujui umesimama katika karne gani. Threave ilikuwa nyumba ya mwinyi. Ilisimamishwa miaka ya 1370 kwa amri ya mtu mmoja aliyejua anataka nini na anamwogopa nani. Iling'olewa paa na sakafu baada ya mwaka 1640, na hakuna mwinyi aliyerudi kuishi humo. Kwa hiyo ukiingia, unamkuta yule yule aliyeijenga. Unaweza kumsoma.

Na ndiyo kazi niliyopewa leo, niwafundishe kuisoma. Mnanijua mimi si mwanahistoria. Ni mwashi. Nimezaliwa Mombasa katika mikono ya watu wa chokaa na mawe ya matumbawe, na huku Uskoti nimeendelea kula kwa mawe hayo hayo, isipokuwa ya huku ni meusi na yana baridi. Basi nitaongea kama mwashi. Mwanahistoria atawaanzia kwa wafalme. Mimi nitawaanzia kwa dari.

Sisi wa pwani tunajua nyumba ya mawe inapangwaje. Chumba cha nyumba ya kale ya Lamu au Pate ni kirefu kama ukanda lakini ni chembamba, upana wake hauzidi sana mita tatu, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Ukiilazimisha zaidi ya hapo itapinda. Mti ndio unaomwamuru fundi. Basi nyumba yetu ikitaka kukua, inakua kwa kina: chumba nyuma ya chumba, na cha ndani kabisa ndicho cha heshima. Mwaliko wa mgeni unapimwa kwa milango aliyopita.

Waashi wa huku katika zama zile zile walifanya vingine. Walipinda mawe yakawa kuba, kuba likabeba sakafu, na juu yake wakatandaza magogo ya mwaloni. Nyumba ikakua kwenda juu. Ghala, jiko, ukumbi, vyumba vya kulala, vyote ambavyo kabaila wa nchi nyingine angevizungusha uani, huku vikawekwa kimoja juu ya kingine, ndani ya kuta nne nene, kwa mlango mmoja na ngazi moja. Majumba ya namna hii yamo Uskoti nzima kwa mamia, kuanzia karne ya 14 hadi ya 17. Mwaka 1535, bunge la mfalme James wa Tano likapitisha hata sheria kwamba kila mwenye ardhi ya kiasi fulani katika wilaya za mpakani lazima ajenge ua wa mawe wenye futi 60 kila upande kwa ajili ya kuokoa watu na mali, na akiona inafaa ajenge na mnara ndani yake. Fikirini serikali inayowaambia raia wake kwa sheria: usalama wako ni juu yako na mwashi wako.

Lakini Threave ni mkubwa kuliko wao, na ni mkongwe kuliko wengi wao. Tumtazame mwenye nyumba.

Jina lake Archibald Douglas. Adui zake walimpa lakabu ya Archibald mwenye uso mkali, na hakuna aliyesema kwamba wamemsingizia. Baba yake alikuwa James Douglas, rafiki wa damu wa mfalme Robert Bruce, yule aliyekabidhiwa moyo wa mfalme baada ya kufa kwake aupeleke vitani dhidi ya wasio Wakristo, naye akauawa nao Hispania mwaka 1330. Ndiyo maana ngao ya ukoo wa Douglas ina moyo mwekundu. Sasa Archibald alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Baba shujaa wa taifa, mwana hana fungu. Mtu wa namna hiyo mnamjua hata kwetu: kila alichonacho amekishika kwa meno. Alipigana Poitiers nchini Ufaransa mwaka 1356 upande wa Wafaransa, akatekwa, akaponyoka. Mwaka 1369 mfalme David wa Pili akampa Galloway ya mashariki aitawale, na mwaka 1388 jamaa yake aliyekuwa mkuu wa ukoo alipouawa vitani Otterburn, yule mwana asiye na fungu ndiye aliyekuwa Earl, yaani kabaila mkuu, wa tatu wa Douglas, mtu mwenye nguvu kuliko kabaila yeyote kusini mwa Uskoti.

Sasa Galloway aliyopewa ilikuwa nchi gani? Ilikuwa nchi yenye lugha yake, Kigaeli, na sheria zake, na wazee wake wa koo. Na katika ugomvi mrefu wa nani awe mfalme, watu wengi wa Galloway walikuwa upande wa ukoo wa Balliol, yaani maadui wa Bruce, yaani maadui wa baba yake Archibald. Amepewa nchi ya watu wasiomtaka. Naomba jambo hili mlishike, kwa sababu kila jiwe mtakaloliona kesho linatokana nalo. Watalii wengi husimama pale ukingoni wakasema, tazama, hii ilijengwa kuwazuia Waingereza. Waingereza walikuwamo katika hesabu, sikatai. Lakini mtu aliyejijengea nyumba katikati ya mto, kisiwani, kwa mlango mmoja, na kisima chake humo humo ndani, alikuwa anawahesabu kwanza majirani.

Haya, tuingie.

Mnara una ngazi tano za maisha, na nataka mzipande kwa mpangilio. Mlango hauko usawa wa ardhi. Uko juu, na zamani ulifikiwa kwa daraja la mbao ambalo lingeweza kuondolewa. Ukishaingia uko katika jiko. Ndiyo, jiko, mgeni wa kwanza kumpokea ni moshi. Kuna meko kubwa, na chini ya jiko, chini ya kuba lile lile moja, kuna ghala. Ghalani humo kuna kisima ambacho maji yake yanatoka kule kule mtoni, na pembeni kuna shimo la mahabusu. Halina mlango, lina tundu juu. Mfungwa aliteremshwa, tundu likafunikwa. Simameni hapo mwaze kidogo: nafaka, nyama ya chumvi, maji, na binadamu, vyote vimehifadhiwa mahali pamoja. Mwenye nyumba aliviona vyote kuwa akiba.

Juu ya kuba ndipo penye ukumbi. Hapa ukuta unaanza kulegea kidogo, madirisha yanakuwa makubwa kuliko ya chini, kuna meko ya kuotea moto na si ya kupikia. Hapa Archibald alikaa akasikiliza kesi, akapokea kodi, akala mbele za watu. Kula mbele za watu ilikuwa sehemu ya kazi. Juu ya ukumbi vyumba vyake binafsi na vya familia, navyo vina vyoo ndani ya unene wa ukuta, tundu linaloteremka hadi nje. Watoto watakipenda choo hicho kuliko historia yote nitakayosema, nami sitawalaumu, maana fundi aliyekipanga kile alifikiri sana.

Na juu kabisa, chini ya paa, walikaa askari. Huko juu mtaona kwa nje safu za mashimo ya mraba ukutani. Zile ni nafasi za boriti: zamani zilitoka boriti, zikabeba baraza ya mbao iliyouzunguka mnara pande tatu, na kutoka humo askari aliweza kumwangushia mawe mtu aliyefika chini ya ukuta. Ukiyaona mashimo hayo, rudisha mbao kwa akili yako. Tunayoiona leo ni mifupa mitupu. Threave iliyo hai ilikuwa na mbao nyingi, plasta, moshi, kelele za mbwa.

Ngazi ni moja tu, ya kuzunguka, imejificha katika kona ya ukuta. Hapa waongozaji wa wageni katika ngome nyingi hupenda kusema kwamba ngazi za kale zilizungushwa kuelekea kulia ili anayepanda akose nafasi ya kutumia upanga wake. Ni hadithi tamu. Wachunguzi wengi hawaiamini, na mimi mwashi siiamini vilevile. Adui akishafika ngazini kwako, shughuli imekwisha.

Msidhani pia kwamba mnara ulisimama peke yake. Miaka ya 1974 hadi 1978 kisiwa kilichimbwa na wataalamu, wakakuta misingi ya majengo mengine makubwa kando ya mnara, na bandari ndogo ya mashua. Katika matope ya bandari vikatoka vyombo vya mbao vya kulia chakula, viatu vya ngozi, vitu ambavyo mahali pakavu vingeoza zamani. Kwa hiyo kisiwa kizima kilikuwa mji mdogo wa mwinyi, wenye waokaji, maseremala, waandishi, mapadri. Archibald alifia hapo, siku za Krismasi ya mwaka 1400, kitandani mwake. Kwa mtu wa kazi yake, kufa kitandani ni mafanikio.

Kuna mtu mmoja ambaye vibao vya maelezo humpitia upesi upesi, nami sitampitia upesi. Mwanawe Archibald, Earl wa nne, alimwoa Margaret, binti wa mfalme Robert wa Tatu. Mume akaenda kupigana Ufaransa, akapewa na utawala wa Touraine juu yake, akauawa Verneuil mwaka 1424. Margaret akabaki mjane, na mjane yule akaishika Galloway mwenyewe, akikaa Threave, kwa takriban robo karne. Mwanawe alifariki mwaka 1439, mama angali akitawala. Wanaume wa ukoo walikuwa wanakufa kwa panga na kwa fitina, mama yuko kisiwani anapokea kodi na kutia mhuri hati. Kaburi lake liko katika kanisa la Lincluden, karibu na Dumfries, kanisa ambalo baba mkwe wake, yule Archibald mwenye uso mkali, aliligeuza kuwa la makasisi, na ni miongoni mwa makaburi mazuri kabisa ya zama zile Uskoti. Kesho njia yetu inapita karibu na hapo. Dereva nimeshamwambia.

Sasa tufike kwenye damu, maana najua mnaisubiri.

Mwaka 1440, mjukuu wa Margaret, William, Earl wa sita, kijana wa miaka kama 16, alialikwa pamoja na mdogo wake kula chakula na mfalme katika ngome ya Edinburgh. Mfalme James wa Pili mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka kumi. Waliokuwa wanatawala kwa jina lake waliwakamata wale vijana wawili, wakawafanyia kesi ya harakaharaka, wakawakata vichwa. Masimulizi ya baadaye yaliongeza kwamba kichwa cha fahali mweusi kililetwa mezani kama ishara ya kifo. Fahali sina hakika naye, ila vijana waliuawa kweli, na mtu aliyefaidika na urithi ni ami wa baba yao. Waskoti hukiita chakula kile Karamu Nyeusi.

Mtoto wa ami huyo, naye akiitwa William, akawa Earl wa nane, na kwa kumwoa dada wa wale waliouawa, akaiunganisha tena mali yote ya ukoo pamoja na Threave. Kuhusu huyu kuna hadithi ambayo lazima mwende nayo pale mlangoni. Inasimuliwa kwamba alimfunga Threave bwana mmoja wa jirani, wa ukoo wa Maclellan wa Bombie, kwa kosa la kukataa kumfuata. Mjomba wa mfungwa, Sir Patrick Gray, alikuwa mtu wa karibu wa mfalme, akaja mbio na barua ya mfalme ya kuomba mpwa wake aachiwe. Earl akampokea kwa heshima zote. Akakataa kufungua barua: mgeni kwanza ale, mazungumzo na mtu mwenye njaa si mazungumzo. Gray akakaa, akala. Wakati anakula, mfungwa alitolewa uani akakatwa kichwa. Kisha Earl akaifungua barua, akaisoma, akasikitika sana, akasema umechelewa kidogo, mpwa wako yule pale, kichwa tu ndicho kimepungua, mwili uchukue.

Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hii, kwa sababu iliandikwa miaka mingi baadaye. Nawaambia ili msije mkaiapia. Lakini jambo moja halina shaka: Februari mwaka 1452, mfalme James wa Pili alimwita Earl huyu Stirling kwa hati ya usalama, wakala, wakazungumza siku mbili, wakagombana, mfalme akachomoa kisu akamchoma kwa mkono wake mwenyewe. Na kumbukumbu ya wakati ule inamtaja aliyefuata kumpiga, kwa shoka, kichwani. Ni Patrick Gray.

Ukoo huu, chakula na wao hawakupatana. Na watu hawa wote walikuwa wakijua, tangu 1440, kwamba siku moja watafuatwa nyumbani. Kwa hiyo tukitoka ndani ya mnara, tuuzunguke kwa nje, kwa sababu nje kuna kitu ambacho kwangu mimi kinauzidi mnara wenyewe. Mnara umezungukwa na ukuta mfupi, wenye minara midogo ya duara kwenye pembe, mmoja bado mzima. Ukuta huo una matundu membamba ya wapiga mishale, na ile minara ya duara ina matundu ya bunduki na mizinga midogo. Mbao za daraja lake zilipimwa umri kwa kuhesabu pete zilizo ndani ya mti, zikasema mwaka 1447. Ni miongoni mwa maboma ya mwanzo kabisa katika kisiwa chote cha Uingereza na Uskoti kujengwa mahsusi kwa silaha za baruti. Ili kuujenga, William aliyavunja yale majengo mazuri ya kando, mji mdogo wa babu yake, akapata mawe na akapata uwanja wazi wa kufyatulia. Mtu anayevunja ukumbi wake wa karamu ili apate ukuta amekwisha kata shauri kuhusu maisha yake yaliyobaki.

Mwaka 1455 mfalme akaja. Jeshi la Douglas lilikuwa limeshapigwa Arkinholm mwezi wa Mei, na Earl wa tisa, mdogo wake William, alikuwa amekimbilia Uingereza. Ngome zao zilianguka moja baada ya nyingine, ikabaki Threave. Mfalme alikaa jirani, katika abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Tongland, akaagiza mzinga mkubwa ukokotwe kutoka Linlithgow, kule kaskazini, mpaka Galloway, kwa njia za zama zile. Kwa upande wa pili, mfalme Henry wa Sita wa Uingereza akatoa pauni 100 za kuiokoa Threave isianguke. Kisiwa kikazingirwa kwa zaidi ya miezi miwili. Ukuta wa 1447 ukafanya kazi yake vizuri kabisa. Mto ukafanya kazi yake. Kisima kikafanya kazi yake.

Kisha askari wa ndani wakafungua mlango, kwa sababu walilipwa. Daftari za hazina ya mfalme zipo mpaka leo, na ndani yake yameandikwa malipo na zawadi kwa watu waliokuwa wakiilinda Threave. Kuta zinazozidi unene wa mita mbili, matundu ya mizinga, daraja la kuondoa, halafu mlango unafunguliwa kwa daftari. Nikipita kwenye majengo ya namna hii mimi huwatafuta wale watu wa ghorofa ya juu kabisa, waliolala chini ya paa linalovuja, wakilinda mali ambayo hata kijiko chake si chao. Bwana wao alikuwa ameshavuka mpaka. Mfalme aliyewazingira alikuwa na fedha mkononi. Mimi kuwaita wasaliti nashindwa, labda ninyi kesho mtaweza.

Watu wa Galloway hawakuipenda habari hiyo ya daftari, wakasimulia nyingine. Wanasema fundi chuma wa huko aliufua mzinga mkubwa ajabu, kwa vyuma vilivyochangwa na wananchi waliochoshwa na Douglas, ukapiga risasi mbili tu, ngome ikasalimu. Mzinga wenyewe eti ndio ule uitwao Mons Meg, ulioko leo ngome ya Edinburgh, wenye uzito wa zaidi ya tani sita. Kwa bahati mbaya Mons Meg ilitengenezwa Mons, katika nchi ambayo sasa ni Ubelgiji, mwaka 1449, na iliingia Uskoti mwaka 1457 kama zawadi ya mtawala wa Burgundy, yaani miaka miwili baada ya Threave kuchukuliwa. Lakini naielewa hadithi yao. Nani anataka kuwaambia wajukuu kwamba dhalimu wetu aliondolewa kwa hongo?

Mfalme James naye aliipenda mizinga kupita kiasi. Mwaka 1460 akiwa anaizingira ngome ya Roxburgh, alisimama karibu na mmoja ukipigwa, ukapasuka, ukamuua. Alikuwa na miaka 29.

Threave ikawa mali ya Taji, ikatunzwa na koo nyingine kwa niaba ya wafalme. Vita vya mwisho ilivipigana mwaka 1640, chini ya ukoo wa Maxwell uliokuwa Wakatoliki na watiifu kwa mfalme Charles wa Kwanza, dhidi ya watu wa Agano, Waprotestanti wa Uskoti waliokataa kupangiwa ibada na mfalme. Wiki 13 walizingirwa, na safari hii pia ngome haikuvunjwa: mfalme mwenyewe aliwaruhusu wasalimu. Washindi ndio waliong'oa paa na sakafu. Mwaka 1913 mwenye mali akaikabidhi kwa serikali iitunze.

Neno langu la mwisho ni la chokaa, mnivumilie, ndio mkate wangu. Kuta hizi zilishikwa na chokaa. Chokaa ni laini, inapumua, inaingiza maji na kuyatoa, na jiwe linakaa salama. Karne ya 20 ilipoingia, majengo mengi ya kale ya nchi hii yalizibwa nyufa kwa saruji, kwa nia njema kabisa. Saruji haipumui. Maji yakinaswa nyuma yake, barafu inakuja, jiwe linapasuka. Makosa hayo hayo tumeyafanya Lamu na Zanzibar, isipokuwa kwetu badala ya barafu ni chumvi. Sasa wanaotunza majengo haya wamerudi kwenye chokaa, kazi ya polepole na ya gharama. Ndiyo sababu miaka hii ya karibuni mtasikia ngome nyingi za Uskoti zimewekewa uzio, au sehemu za ndani zimefungwa, mpaka mawe ya juu yakaguliwe moja moja. Nimepiga simu kuhusu kesho. Tutavuka, ndani tutaingia kwa kadiri watakavyoturuhusu, na tusibishane na walinzi, wao hawakuziweka nyufa zile.

Utaratibu basi. Gari linaacha watu shambani Kelton Mains, kisha tunatembea kwa miguu, mwendo wa robo saa hivi kwa kijana, kwa wazee wetu zaidi kidogo, njia ni nzuri lakini ikinyesha ina matope. Pale ukingoni kuna kengele ya shaba. Unaipiga, mwendesha mashua anakuja. Mashua ni ndogo, kwa hiyo tutavuka kwa mafungu: wazee na wenye watoto wachanga kwanza, vijana subirini mkiangalia juu, maana eneo lile lina furukombe wavuvi wanaolea makinda huko majira ya kiangazi. Kengele inapigwa mara moja. Nimesema mara moja, watoto mmenisikia.

Ngazi ni nyembamba na mawe yake yamelika. Mwenye magoti mabaya abaki chini auzunguke ule ukuta wa 1447, hatakuwa amekosa kitu. Nimewaambia wazi mimi mwenyewe naupenda zaidi. Kina mama, viatu vya kisigino viacheni nyumbani. Kisiwani hakuna mkahawa. Pilau iko, imepikwa, itabaki ndani ya gari hadi turudi, kwa sababu mwaka jana kwingineko ndege walituonea sana.

Gari linaondoka saa moja asubuhi, saa moja ya kweli. Maswali?